Hodhi

Hodhi lilitangulia, nyumba ikafuata.
Babu Musembi alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili
walioliteremsha stesheni kutoka behewa la mizigo:
chuma cheupe, miguu minne ya simba,
zito kama deni la marehemu.
Siku mbili walilibeba hadi ukingo wa Mbagathi.
Usiku mvua ikalijaza. Alfajiri wakainama, wakanywa humo
kabla mwenyewe hajaoga.

Mwenyewe, Kapteni Trewin,
alihodhi bonde zima kwa barua moja na muhuri:
ekari mia tisa, dohani tatu, sakafu ya mvule,
na gati. Naam, gati!
Mashua ililetwa kwa treni kutoka Kisumu,
ikaelea mara moja, mwezi wa Aprili,
kisha ikakwama kwenye matete, ikawa banda la kuku.
Watu walimwita Bwana Saa Tatu,
kwa kuwa ikigonga saa tatu ya usiku
madebe kumi na manane ya maji moto
yawe yameshamiminwa. Babu ndiye aliyeyahesabu.
Kahawa ikaugua. Bei ikaanguka.
Siku moja farasi akarudi peke yake.

Mjane alibaki na mbwa wake
hadi mwaka ule mafundi walipoanza kushona bendera mpya,
akamuuzia Nanalal Devchand, muuza mbao,
ambaye sheria, hadi juzi tu, ilimkataza
hata kupanga chumba upande ule wa mji.
Kantaben, mkewe, alilitazama hodhi akacheka:
"Mtu ajichemshe kwenye uchafu wake, kama kiazi?"
Akaoga kwa ndoo na kopo.
Hodhini akaweka magunia ya mchele.
Kando ya gati akapanda mirehani.

Walipoondoka, masanduku sita na birika,
ufunguo walimwachia mama.
Wiki mbili alitembea nao shingoni.
Anasema hakuingia, alifagia baraza tu.
Simwamini.
Kuna siku alinieleza, bila kuulizwa,
jinsi sauti inavyorudi ukiimba bafuni.

Kisha Katibu Mkuu, Erastus Kihumba,
na zulia jekundu hadi jikoni.
Kila mtoto alipokwenda ng'ambo kusoma
ekari kumi zilikwenda naye,
na watoto walikuwa wengi.
Msibani tukawaona wajane watatu,
kila mmoja na cheti chake cha ndoa.
Kesi ikala miaka kumi na tisa.
Faili lilipotea mara mbili, mara moja likapatikana.
Shikuku, mlinzi ambaye hakuna aliyekumbuka kumlipa,
alipanda sukumawiki uwanjani,
na mbuzi wake wakazalia ukumbi wa dansi.

Mwisho, kampuni. Sura sijaiona,
nimeona sanduku la posta tu.
Tingatinga liliingia Jumapili, watu wakiwa kanisani.
Leo kuna ghorofa kumi na nne,
jina la Kapteni kwa herufi za dhahabu,
na bwawa la kuogelea juu ya paa,
mbali kabisa na mto.

Hodhi walilitupa bondeni.
Shikuku aliniuzia kwa mia nane na soda.
Ninalowekea humo vikonyo vya bugenvilia,
hapa kando ya barabara ninapouza miche,
na makucha ya simba yamezama udongoni
kana kwamba yanataka kuota.

Jana akaja kijana wa kaunti na kopo la rangi.
Akachora alama nyekundu kwenye ukuta wa ghorofa,
akachora kwenye kibanda changu,
akafika kwenye hodhi, akasita.
"Hii ni mali ya nani?"
Kalamu ilikuwa tayari, na daftari lilikuwa na mistari.
Nilianza kwa Kapteni, nikaona atachelewa.
Nikamwambia aweke kopo chini,
ashike upande ule wenye bomba,
apige magoti kwanza, asije akaumia mgongo.